Mama Kanga na Sauti ya Sita

Paukwa!

Pakawa!

Ngojeni kwanza. Mbona sauti zimezidi watu? Haya, sogeeni. Wewe unayecheka, kaa hapa ninapokuona.

Hapo zamani, nyasi zilipokuwa ndefu kumpita mtu, aliishi Mama Kanga na vifaranga wake sita. Kanga wale walikuwa na desturi yao. Hutembea mstari mmoja, mama mbele, na mama hageuzi shingo. Kugeuka ni mkosi! Akitaka kujua kama watoto wapo, huita tu.

"Hesabuni!"

"Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita!"

Mama anafurahi. Tiki-tiki, tiki-tiki, wanaendelea.

Sasa, humo nyasini alikuwamo Chatu. Chatu huyo alikuwa balaa, jamani. Akimmeza mtu, humeza na sauti yake. Asubuhi moja ya ukungu, shwaa! Nyasi zikatikisika. Wa mwisho akamezwa, hata kulia hakulia.

"Hesabuni!"

"Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano!" Kimya kidogo. Halafu, "Sita!"

Mama anafurahi. Tiki-tiki.

"Mama," akasema yule wa tano, "huyu wa nyuma yangu simsikii miguu."

"Acha maneno yako. Si amejibu?"

Shwaa!

"Hesabuni!"

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Kimya. "Tano! Sita!"

Sauti mbili, lakini zimetoka mahali pamoja. Kidete, yule wa nne, manyoya yakamsimama.

"Mama, kuna pumzi nyuma yangu. Ya baridi."

Mama akasimama. Bado hakugeuka. Akakunjua mabawa yake. "Ingieni humu, mmoja mmoja."

Akaingia wa kwanza. "Sita toa moja, tano." Akaingia wa pili. "Tano toa moja, nne." Akaingia wa tatu. "Nne toa moja, tatu." Akaingia Kidete. "Tatu toa moja, mbili. Bado wawili wako nje. Njooni, wanangu!"

"Tupo, mama," zikaitika sauti nyasini.

"Si mje basi?"

"Njoo wewe, mama."

Zilikuwa sauti za wanawe kabisa. Moyo ukamruka. Akainua mguu aende.

Kidete akauliza kutoka chini ya bawa, "Mama, sita toa mbili, wanabaki wangapi?"

Mama akaushusha mguu. Jibu analijua, lakini mdomo hautaki. Akilitaja, wale wawili ndio basi tena. Asipolitaja, ataingia nyasini na hawa wote.

"Mama, wangapi?"

Akageuza shingo. Akaitazama njia waliyopitia. Nyayo ndogo za vifaranga wanne, na nyuma ya nyayo hizo mburuzo mpana, mrefu, wa kitu kisicho na miguu.

"Wanne," akasema. Akalia, jamani, akalia sana.

Kisha akawachukua wanne wake mpaka uwanda uliochomwa moto, mahali pasipo jani la kujificha. Nyuma yao sauti ziliita, "Mama! Mama!" Ziliita mpaka jua likazama. Hakurudi.

Basi wanangu, kutoa ni kumtaja aliyeondoka bila kujidanganya, ili uwatunze waliobaki. Anayeogopa kumtaja aliyeondoka huwapoteza na waliobaki.

Hadithi yangu inalala hapa. Nanyi kalaleni, mkiwa mmeshikana mikono.