Vibuyu Viwili vya Fisi

Mwaka ule mvua ilisusa. Mto ulikauka mpaka wanyama wakakubaliana kuchimba kisima katika mchanga wake. Bi Sungura alifurahi kuliko wote. Kufukua ardhi ndiyo kazi aliyoikulia, na nyumbani alikuwa na watoto watano waliolamba mawe wakitafuta umande.

Kabla hawajaanza, Fisi, ambaye shida ya wenzake humnukia kama nyama choma, akatokea na vibuyu viwili, kimoja cheusi, kimoja kimechorwa maua. Akapanda juu ya kichuguu.

"Mafuta ya Dume! Paka kucha, uchimbe kama Simba! Mafuta ya Jike! Paka mashavu, ukae kivulini, upendeze! Dume atoe konzi moja ya akiba yake, jike konzi mbili. Kupendeza kuna gharama zake, akina mama!"

Simba aliposikia jina lake alivimba kichwa. "Hiyo ndiyo amri," akanguruma. "Madume wachimbe, majike wapendeze."

Mkewe, aliyekuwa ametoka kumwindia chakula cha mchana, akalamba damu kwenye kucha zake.

Siku tatu madume wakachimba, yaani walipaka mafuta, wakatunishiana vifua, wakabishana kucha za nani zinang'aa zaidi. Shimo halikufika hata magotini mwa Kobe. Bi Sungura alikaa kivulini, mashavu yanameta, roho inamuuma. Kitinda mimba wake alikuwa hawezi tena kusimama. Kupendeza huku kutaniulia mtoto, akawaza, akainuka.

"Bwana Fisi, mimi mshamba," akasema mbele ya wote. "Gizani, nisipoona rangi za vibuyu, nitajuaje mafuta yapi ni ya dume?"

"Mimi nayajua hata nimefumba macho!"

"Basi tukufunge macho, utuonyeshe. Ukitaka, onja."

Hilo neno "onja" ndilo lililommaliza. Fisi alifungwa jani pana usoni, akalamba kibuyu cha kwanza. "Haya ni... ngoja." Akalamba cha pili. "Hebu nirudie kidogo." Akarudia, akarudia tena, mpaka ulimi ukagonga vitako vya vibuyu.

"Haya, yapi ya dume?"

"Yote matamu!" Fisi akajisahau.

Wanyama wakaguna. "Na sasa umeyameza ya dume na ya jike," akasema Bi Sungura. "Utachimba, au utakaa kivulini upendeze?"

Kabla hajajibu, mkewe akafika. Kwa akina fisi, kila mtu anajua kuwa jike ndiye mkubwa, kwa mwili na kwa sauti.

"We Baba Ngawe! Mafuta yangu ya kupikia niliyoyaacha chunguni yako wapi?"

Fisi alinywea. "Mama Ngawe... nilikuwa nayatangaza."

Majike hawakungoja amri. Bi Sungura alitangulia shimoni, wenzake wakamfuata, na Fisi akazoa mchanga kwa kibuyu chake cha maua, mkewe akiwa nyuma yake. Jua lilipoinama, maji yakachuruzika. Bi Sungura alichota ya kwanza, akampelekea mwanawe, na alipomwona akimeza, alilia bila kujificha.

Aliporudi alimkuta Simba ukingoni, kichwa bado kimevimba. "Na maji haya," akauliza Simba, "ni ya dume au ya jike?"

"Ni ya wenye kiu, Mfalme," akajibu Bi Sungura. "Panga foleni, nyuma ya mkeo."

Simba akapanga.