Kaa Aliyekataa Kugawana Jina

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmekula au mmefunga? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kaa na gamba lake, maneno yake mengi kuliko miguu yake. Anayetaka kusikia asogee, anayetaka kusinzia asikorome.

Hapo kale, vitu vyote vilipokuwa na midomo na hakuna aliyejua kuufunga wake, kwenye matope ya mikoko karibu na mji wa Kijituni, aliishi Kaa na mkewe, Bi Magando. Kaa hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na hata shingo. Alikuwa na jina. Na kwa jina hilo aliringa mpaka povu likamtoka.

Siku moja akaingia mjini, jikoni kwa Bi Somoe, kikongwe aliyezoea kumtupia machicha ya nazi. Mara mgeni akabisha hodi. Bi Somoe akamwambia, "Karibu, kaa."

"Labeka!" akaitika Kaa.

"Si wewe. Namwambia mgeni ashushe mwili."

Jirani akachungulia mlangoni. "Somoe, nipe kaa, jiko langu limezimika."

"Labeka!"

"Si wewe. Anataka kaa la moto."

Bi Somoe akamgeukia mgeni, akampa kahawa. "Haya, nipe habari. Siku hizi mnakaa wapi?"

"Labeka!"

Mgeni akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Kaa akaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akarudi matopeni akipiga magando: ka! ka! ka!

"Wamelifanya jina langu dekio," akamwambia mkewe. "Kila mtu anafutia uchafu wake. Nakwenda kushtaki."

"Mume wangu," akasema Bi Magando, "jina halichakai kwa kutajwa."

"Wewe ni mwanamke wa matopeni, utajua nini?"

"Na wewe ni wa wapi, wa kwenye marumaru?"

Bi Magando akageuka, Kaa hayupo. Alikwisha toka.

Hakimu wa nchi ile alikuwa Kiboko. Alisikiliza kesi akiwa dimbwini, sikio moja juu ya maji, moja chini, na mara nyingi ukweli uliingilia lile la chini. Washtakiwa walikuwa wawili: Kaa la Moto, aliyeletwa juu ya kigae, na Kigoda, aliyekuja kwa miguu yake mitatu kuwasemea wote wenye kukaa.

"Mshtaki," akasema Kiboko, "unakaa wapi?"

"Mmesikia!" akapiga kelele Kaa. "Hata mheshimiwa!"

Kaa la Moto akasema, "Mimi nikikosa jina, mtakula vibichi."

Kigoda akasema, "Mimi nikikosa neno, mtasimama mpaka mvimbe."

Kaa akasema, "Mimi nilikuwapo matopeni kabla ya moto na kabla ya makalio. Neno ni langu!"

Wakasubiri hukumu. Wakasikia mkoromo. Kaa akatambaa chini ya mkia wa hakimu, akambana pale ambapo hata mke wa hakimu hapagusi. Kiboko akaruka, dimbwi likabaki nusu.

"Neno ni lako!" akanguruma. "Lako peke yako! Atakayelitumia kwa jambo jingine, hana haki. Lakini sikiliza nawe: jina ni wito. Ukiitwa, uende. Usipokwenda, nitakukanyaga mwenyewe. Kesi imekwisha, nipisheni nijipoze."

Kaa akarudi nyumbani akiimba.

Basi mjini ikawa taabu. Na wewe unayenong'ona huko nyuma kwamba wangesema "keti," hilo keti lilikuwa halijazaliwa, usinivurugie. Wageni waliingia, wakatazama vigoda, wakasimama, maana hakuna aliyejua kuwakaribisha chini. Mwanamke alimwambia jirani, "Nipe kile chekundu," akapewa nyanya. "Nipe kile chekundu kinachounguza," akapewa pilipili. Majiko yakapoa. Watu wakatafuna muhogo mbichi, na matumbo yakatoa hotuba usiku kucha.

Na ndimi, jamani, ndimi huteleza. Kinyozi alimwambia mteja, "Kaa, nikunyoe." Kaa akasikia jina lake, akakimbia upande upande mpaka kwa kinyozi. Kinyozi akaogopa sheria, akamnyoa vinyweleo vya miguu yote.

Kungwi alimwambia bibi harusi, "Nenda ukakae na mumeo." Kaa akasikia, akakimbia upande upande mpaka chumbani. Bwana harusi akamtazama Kaa, akautazama mlango, na hadi leo hajulikani alikoishia.

Mpishi wa karamu alipiga kelele, "Nataka kaa, chungu kimelala!" Kaa akasikia, akakimbia upande upande mpaka jikoni. Mpishi akamtazama. Chungu kikamtazama.

"Sheria inasema neno ni lako tu," akasema mpishi. "Nimetaka kaa, kaa amekuja. Ingia."

Kaa akaponea dirishani, mguu mmoja ukabaki mkononi mwa mpishi.

"Umeitwa tena?" akauliza Bi Magando alipomwona.

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Miguu ikiisha utakwenda kwa nini, kwa heshima?"

Kaa akalala chali, akatazama juu. Kila upepo ulipovuma alishtuka, akidhani anaitwa.

Siku ile ile akafariki Mzee Bwanadi, mume wa Bi Somoe. Watu wakazika, wakarudi nyumbani kwa mfiwa. Desturi ni kukaa matanga, lakini wangekaaje, na neno lina mwenyewe? Wakasimama. Wakasimama ukumbini, wakasimama uani, wakasimama kama mihindi shambani. Chai haikuwapo, moto haukuwapo. Bi Somoe alisimama katikati yao ameshika ukuta, nyayo zimemvimba. Hakuna aliyethubutu kumpa neno.

Mwishowe wakamsikia akisema polepole, "Kaa. Kaa, kaa tu."

Kule matopeni Kaa akasikia. Akajua hiki ndicho chungu chake cha mwisho, maana matangani watu hula sana. Akamtazama mkewe. Akaenda.

Alipofika akapita katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele ya kikongwe, akafumba macho.

"Labeka, Bi Somoe. Nimekuja. Nitie chunguni."

"Sikukuita wewe, mwanangu," akasema Bi Somoe. "Nilikuwa naiambia miguu yangu ipumzike."

Kaa akafumbua macho. Akaona nyayo zile zilizovimba, za mwanamke aliyekuwa akimtupia machicha. Alisikia kitu kikimbana ndani ya gamba, na hakikuwa gando la mtu.

Akapanda juu ya kinu kilichokuwa ukumbini.

"Neno ni langu?" akauliza.

"Ni lako," watu wakajibu kwa uchovu.

"Hakimu amesema?"

"Amesema."

"Basi lililo langu natoa nitakavyo. Bi Somoe, kaa! Nyinyi nyote, kaeni! Kaeni hapa, kaeni pale, kaeni mpaka mchoke!"

Watu wakakaa wote kwa pamoja, puuu! Ardhi ikatikisika, kuku wakaruka. Bi Somoe akashuka polepole kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akajifunika kanga usoni, na hapo ndipo alipopata kumlilia mumewe.

Kaa hakuishia hapo. Akaingia jikoni, akafukua majivu ya jiko. Chini kabisa akamkuta Kaa la Moto, amebakia kama jicho la panya.

"Kaa mwenzangu," akamwita, "toka."

"Umeniitaje?"

"Kaa. Usinitese, nimelisema mara moja kwa shida."

Kaa la Moto akawaka kwa furaha, na Kaa akambeba kwa magando yake mwenyewe, kutoka jiko hadi jiko, akipiga mayowe, "Aa! Uu! Hamjambo? Aa!" Chai ikachemka. Magando yakaiva mekundu, na mekundu yamebaki.

Toka siku hiyo Kaa anaishi shimoni, ambamo mguu wa Kiboko hauingii. Mtu akilitaja neno, hutoa macho yake nje, hayo mawili yaliyosimama kama vijiti, akasikiliza: ni mimi, ni moto, au ni makalio? Akiona si yeye, hurudi ndani kulala. Na akiona ni yeye, hurudi ndani mbio zaidi.

Mwenye masikio amesikia: neno ni kata ya mtungini, anywe huyu, anywe yule. Ukilificha uvunguni uwe nalo peke yako, siku ya msiba utakosa hata wa kukuambia pole.

Ngano nimeitua. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chachu, temeni nje, si kwenye mkeka wangu. Sasa inukeni taratibu, kuna mtu amenikalia kanga.