Kuku wa Sekunde Kumi na Mbili

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu ambayo hata simu zilikuwepo, palikuwa na msichana wa Muheza aitwaye Asumini, aliyejifunza kuchora katuni peke yake. Alichora michoro mia moja arobaini na nne, akapata kuku anayevuka uwanja kwa sekunde kumi na mbili. Akaituma kwenye kundi la wachora katuni: "Ndiyo naanza, naomba maoni." Halafu akaifunika simu kwa mto.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bwana Lukindo, fundi wa siku nyingi. "Binti, kuku wako hana uzito. Anapeperuka kama mfuko wa nailoni. Mguu ukikanyaga, mwili ushuke. Rudia yote." Watu kumi na mmoja wakaweka alama ya kucheka.

Asumini akachagua michoro yote ili aifute. Kidole kikiwa juu ya kitufe, ukaingia ujumbe wa binamu yake Hidaya: "Dada, nimeiangalia mara tatu, nimetoa machozi. Usiache."

Akaondoa kidole. Akarudia yote. Kuku akatembea, ila kama kuku mwenye kideri, ule ugonjwa unaokakamaza shingo.

Shangazi yake Mwanaheri, mfuga kuku, akachungulia. "Huyu shingo yake ya chuma? Kuku hutanguliza kichwa, kinasimama, ndipo mwili unakifuata. Njoo bandani." Akamkalisha huko siku mbili. Asumini akarudia tena, na kuku akatembea kikuku.

Tamasha moja la katuni likaikubali kazi yake. Waandaaji wakasema: mwishoni weka shukrani, nafasi ni ya jina moja.

"Bila mimi angekuwa bado anapeperuka," alisema Lukindo. "Na nilisema mbele za watu. Ningemnong'oneza angesikia?"

"Wewe ulimwambia amekosea," alisema shangazi. "Mimi nilimpa kuku. Na wakasusa kutaga siku zile mbili, kwa kukodolewa macho."

"Bila mimi pasingekuwa na kuku wa kurekebisha," alisema Hidaya.

"Kwani kweli ulilia?" Asumini akauliza.

"Sikuifungua hata. Bando lilibaki la maandishi tu. Lakini dada, ningeifungua, ningekwambia nini?"

Kesho saa nne Asumini anatakiwa kutuma jina, na siku ya kuonyeshwa wote watatu watakaa mstari wa mbele. Anaandika, anafuta. Haya, mliokaa hapa mkinisikiliza, msaidieni, na msinijibu kwamba wote: ni nani anayestahili ile nafasi ya shukrani?