Mwosha Maiti na Bangili ya Bi Safura

Wametusimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale alikuwapo mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba, aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike bila ujira. Na mwosha, ndugu zangu, ana sharti zito: aibu aionayo chini ya kitambaa cha sitara huizika pamoja na maiti.

Bi Lubaba alikuwa na binti, Rabaa. Jirani yao, Bi Safura, alimtuhumu binti huyo mbele ya watu kuwa amemwibia bangili yake ya fedha. Rabaa akaapa, hakusadikiwa. Posa yake ikavunjika, akawa hatoki nje ila amejifunika gubigubi. Mama mtu akaumia kimya kimya.

Basi Bi Safura akafariki ghafla, na Bi Lubaba akaitwa kumwosha. Akaenda. Alipokuwa akipitisha mkono chini ya kitambaa, juu ya kiwiko cha marehemu, vidole vyake vikagota kitu kigumu. Bangili ileile ya fedha! Moyo ukampiga paa. Nje ya pazia walikuwa wamejaa wanawake wa mtaa, na neno moja tu lingemtakasa mwanawe.

Kata ya maji ikamponyoka. Nafsi ikamwambia, "Piga kelele! Si haki yako?"

Akaijibu, "Haki ni ya Rabaa, lakini sitara ni ya huyu, na mimi sasa hivi nina hasira. Ulimi hauna mfupa. Nikiufungua sijui utakomea wapi."

Akaivua ile bangili, akamaliza kuosha kwa upole uleule, akileta istighfari huku jasho likimtiririka.

Alipotoka wanawake wakamzonga. "Bi Lubaba, umeona nini?"

"Nimemwona mja wa Mwenyezi Mungu. Mwosha naye huoshwa, jamani. Mwombeeni."

Kisha akamwita faraghani Mundhiri, mwana wa marehemu, akamtia bangili kiganjani. "Mwanangu, hii ilikuwa mkononi mwa mama yako. Ni amana, nimeifikisha. La kusema utalisema wewe, ila ujue Rabaa anangoja."

Kijana akasawijika, akaitia bangili kifuani, akaondoka.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Bi Lubaba barabara. Je, kijana akinyamaza? Jeneza likawekwa uwanjani mbele ya nyumba yake, safu zikapangwa, na Mundhiri hakutamka kitu. Mama yule akasimama dirishani na bintiye, roho mkononi, akijilaumu kwamba ameipoteza heshima ya mwanawe kwa ukimya wake.

Kabla ya takbiri, Mundhiri akawageukia watu. "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, bangili imepatikana, na ilikuwa kwa mama yangu mwenyewe. Rabaa hakuiba. Namwomba amsamehe kabla sijamshusha kaburini."

Ndipo dirishani ikasikika sauti ya Rabaa, ambayo mtaa ulikuwa umekwisha kuisahau: "Nimemsamehe."

Ndugu zangu, kuizuia nafsi si kuiacha haki ipotee. Bi Lubaba aliifikisha haki mahali pake, akainyima hasira yake nafasi ya kuibeba. Lakini sisi! Twafunga Ramadhani nzima, twashinda na njaa na kiu, kisha siku tukipata la kumsema adui yetu, twafuturu mchana kweupe.