Mtungi wa Bibi Harusi

Soma hii, kisha mpelekee na mwenzio, hata yule mliyenuniana.

Katika mji mmoja wa wafinyanzi alikuwepo mwanamke akiitwa Sikudhani. Harusi yoyote ikifungwa, mtungi wa maji anaoingia nao bibi harusi ulikuwa wa mkono wake, na siku hiyo yeye huketishwa mkeka mmoja na mama wa bibi harusi.

Basi akaja kuolewa mjini humo msichana mmoja, Mize, naye ni fundi. Akishika udongo husahau hata kula.

Mfalme alipotaka kumwoza bintiye, akawaita wote wawili. "Finyangeni mitungi. Itakapotoka motoni, nitachagua."

Moyo wa Sikudhani ukachacha kama uji wa jana. "Kaja juzi tu, leo anataka kukalia mkeka wangu!"

Sasa, mfinyanzi kwanza huukanda udongo akitoa vijiwe, maana kijiwe kikibaki, mtungi hupasuka motoni. Mize alipokwenda kuteka maji, Sikudhani akachota changarawe, akazifukia ndani ya udongo wa mwenzake. Kisha akarudi kukanda wa kwake, na Mize aliporudi, shingo ikampinda kwa kumtazama.

"Shoga, unakanda udongo au unabembeleza mtoto?" akamkejeli.

Mize akacheka. "Ni kama mtoto tu, dada. Usipompapasa, utajuaje panapomuuma?"

Siku ya kuchoma ikafika. Mitungi ikapangwa pamoja, ikafunikwa kuni na nyasi, moto ukawashwa. Watu wakakaa kungoja.

Mara, pa!

Sikudhani akaruka na kigelegele. "Umepasuka! Mtungi wa Mize huo!"

Watu wakatazamana. Moto ulipokufa, majivu yakafukuliwa. Mtungi wa Mize ukatoka mzima, mwekundu, unang'aa. Wa Sikudhani ulikuwa vigae vitupu.

Mize akamsogelea, akamuuliza polepole, "Dada, ulijuaje kuwa wangu ndio utakaopasuka?"

Sikudhani akainama, akaanza kuokota vigae vyake.

"Zile changarawe nilizitoa zote. Kidole gumba kilizihisi. Lakini hako kajiwe kalikokuwa kwenye udongo wako, dada yangu, nani angekatoa, na siku nzima macho yako yalikuwa kwangu?"

Funzo: Kazi ya mkono inataka moyo wako wote. Ukiugawa ukampa jirani nusu kwa wivu, kitakachoharibika ni chako.