Siku Kifaru Alipopiga Ndoo Teke

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Ndoo na kisima.

Basi anayejua Kiingereza akae mbele. Asiyejua akae mbele zaidi, maana hadithi ni yake.

Hapo kale palikuwa na Kifaru. Kifaru huyu alikaa Ulaya miaka miwili, ndani ya uzio, watoto wakimtupia karanga. Aliporudi akasema alikwenda kusoma. Akaja na misemo ya Kiingereza, akawa anaigeuza Kiswahili neno kwa neno. Ikinyesha sana husema, "Leo inanyesha paka na mbwa." Jambo likiwa rahisi husema, "Hicho ni kipande cha keki." Watoto wa wanyama wakangoja keki mpaka jioni, hawakuona hata chembe. Wazazi wao hawakuelewa kitu, lakini waliona haya kuuliza. Wakaitikia tu, "Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Ukaja ukame. Mito ikakauka, kikabaki kisima kimoja. Kifaru akaenda akalala pale pale mdomoni pa kisima, akawa anakunywa peke yake, gu-gu-gu.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto wanne, ndimi zimewakauka, hata kulia hawawezi. Akaenda na wenzake kisimani.

"Bwana Mkubwa, utatoka lini na sisi tuchote?"

"Nitatoka siku nitakapopiga ndoo teke," akasema Kifaru, akacheka peke yake.

"Waapa?"

"Naapa."

"Mbele ya wote hawa?"

"Mbele ya wote."

Wanyama wakaitikia, "Ndiyo, Bwana Mkubwa," wakarudi na kiu yao. Bi Nguchiro hakuitikia. Yeye alizaliwa chini ya sakafu ya darasa, na masomo ya Kiingereza aliyasikia yote.

Kulipokucha akawaita wenzake, akaja anaburuta ndoo ya kudekia darasa. Akaiweka kwenye njia ya Kifaru, ambaye kila asubuhi huenda kujikuna kwenye kisiki, na macho yake hayaoni mbali. Kifaru akainuka, ndi, ndi, ndi. Paa! Ndoo ikabingirika, ngwara ngwara ngwara.

"Kaipiga," wakasema wanyama. "Toka sasa."

"Wajinga nyinyi," Kifaru akafoka. "Huo ni msemo. Kwa Kiingereza, kupiga ndoo teke ni kufa."

"Kufa?" akauliza Bi Nguchiro.

"Kufa."

"Na wewe umeipiga?"

"Nimeipiga, lakini..."

"Jamani, mwenyewe kakiri. Bwana Mkubwa hatunaye tena."

Akajishika kichwa, akaangua kilio. Wanyama wote wakapokea. Fisi, ambaye msibani hachelewi, akaja akauliza atagawiwa paja lipi.

"Mimi mzima," akasema Kifaru.

"Kama mzima, umepiga ndoo, toka," akasema Bi Nguchiro. "Kama umekufa, tulia Fisi aanze."

Kifaru akawaza kwa Kiingereza, hakupata jibu. Akawaza kwa Kiswahili, akakuta amekisahau. Akaondoka, ndi, ndi, ndi, ananung'unika kwamba nchi hii haina wasomi. Alipompita Bi Nguchiro, bibi huyo akamtakia safari njema kwa Kiingereza safi cha darasani. Kifaru akasimama, akageuka. Watoto wanne walikuwa wameshatumbukiza midomo majini.

Hadithi yangu naifunika hapa, mwenye kiu akachote. Na fundisho lake ni hili: mheshimuni kila aliyetoka Ulaya, na msipomwelewa semeni ndiyo. Halafu ndoo zenu msiziache njiani, zinaua.