Mtoto Aliyekua Ndani ya Simu

Sogeeni karibu, ila mtu asinijibu kabla sijamaliza.

Palikuwa na wanawake watatu katika mtaa mmoja. Mwanamvua alijaliwa jicho. Jambo likipita mbele yake, halipiti bure. Hidaya alijaliwa mkono. Alijua kuandika programu za simu. Kibibi hakujulikana amejaliwa nini. Watu walisema, "Yule akija kwako anakaa tu."

Wote watatu walimpenda Siwema. Mwanamvua alikuwa wifi yake, Hidaya binamu yake, Kibibi jirani yake.

Siwema alipopata mimba ya kwanza, kila alilotaka kujua alilitafuta kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao iliyokuja na simu yenyewe. Ale nini, alale vipi. Mtoto akazaliwa hana pumzi. Wazee wakamzika siku ileile bila matanga, kama ilivyo desturi yao. Wakamwambia mama, "Usilie sana, utapata mwingine."

Simu haikuambiwa. Siwema akifungua habari, pembeni hutokea tangazo: "Mwanao ameanza kucheka? Mnunulie kayamba." Baadaye: "Meno yanamsumbua?" Baadaye tena: "Anatambaa! Ziba kona za meza." Mtoto alikuwa kaburini, na humo ndani ya simu alikuwa anakua. Siwema akaacha kula.

"Ananifuata," alisema. Watu wakanong'ona kuwa ni mzimu, aitwe mganga.

Mwanamvua akamwambia, "Wifi, hebu nipe hiyo simu." Akatafuta dawa ya kupe wa mbuzi, na nyumba ile haikuwa na mbuzi hata mmoja. Chai haijapoa, matangazo ya dawa za mifugo yakaanza kumiminika.

"Mzimu gani huu unaofuga mbuzi?" Mwanamvua akauliza. "Huyu si mtoto wako, wifi. Ni kivinjari. Kila unachosoma, kinakwenda kuwaambia wauza vitu."

Siku hiyo Siwema akala. Lakini kujua hakukuyazuia matangazo. Kesho yake likaja jingine, la viatu vidogo.

Ndipo akaja Hidaya. "Dada, kipo kivinjari huria. Maandishi yake ya ndani yako wazi. Ajuaye kuyasoma anayasoma, akiona pabaya anarekebisha. Hakibebi maneno ya watu."

Mume wa Siwema akaguna. "Cha bure, shemeji? Cha bure hakikosi kasoro."

"Kasoro yake utaiona, shemeji. Ya hicho chenu imefichwa."

Kasoro ilikuwepo kweli. Simu ilikuwa kongwe, na kivinjari kile kizito. Kilizimika kila kikifunguliwa. Hidaya akayachukua maandishi yake, akapunguza hapa, akaunga pale, akaziba kila tundu la mpelelezi, mpaka kikafanya kazi. Alipokuwa anakibadilisha, kile cha zamani kikaandika kwenye kioo: "Una hakika unataka kuniacha?"

Hidaya akabonyeza ndiyo.

Simu ikatulia. Siwema hakutulia. Kivinjari cha zamani hakikuwa kimeondoka, maana simu ile haikukubali kukitoa. Kilisogezwa pembeni tu. Akawa anakirudia kwa siri, jikoni, kutazama mtoto amefikia wapi.

Kibibi akamkuta.

"Anasimama dede," Siwema akasema, akimwonyesha picha ya mtoto wa watu.

Kibibi hakumnyang'anya simu. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. "Niambie alifananaje."

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Siwema akasema: nywele nyingi, kidole gumba kimekunjwa ndani ya ngumi. Kisha akalia kilio alichokatazwa siku ya maziko. Kibibi akawa anakuja kila alasiri, anakaa tu, hadi siku ambayo Siwema kwa mkono wake mwenyewe alifuta kumbukumbu zote za kivinjari kile, akakizima.

Mwaka ukageuka. Siwema akajifungua binti anayelia mpaka mtaa wa pili. Kwa desturi yao, mtoto hupewa jina la mwanamke aliyemtoa mama yake shidani. Jina moja tu, na mwenye jina huwa mama wa pili.

"Bila mimi," alisema Mwanamvua, "mngekuwa bado mnamwita mganga."

"Uliuona moshi, dada," alisema Hidaya. "Moto niliuzima mimi."

"Ukauzima ukaacha makaa," Mwanamvua akamjibu. "Mwulize Kibibi."

Kibibi akatazama mikono yake. "Mimi sidai."

"Haya! Asiyedai ndiye anayedai kuliko wote," akasema Hidaya, nao wakacheka, ila si kwa raha.

Mama mkwe akasimama mlangoni na kanga ya kumtolea mtoto nje. "Watu wanangoja, mwanangu. Tumwite nani?"

Siwema akawatazama wote watatu. Aliona kuwa jina lolote atakalotaja, mengine mawili atakuwa ameyazika, tena bila matanga.

Haya, sasa semeni. Mtoto yuko mikononi mwenu, analia. Ninyi mngemwita nani?